Jinsi ya Kuwasikiliza Stars of the Lid kwa Mpangilio

Usianzie mwanzo. Brian McBride na Adam Wiltzie, wawili wa Stars of the Lid, kundi la muziki wa ambient (muziki wa taratibu usio na mdundo), walianza kushirikiana mjini Austin, Texas, mwaka 1993, na albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1995, ina ukungu mzito wa gitaa na sauti za tepu ambao humchosha upesi msikilizaji mgeni. Anza na The Tired Sounds of Stars of the Lid ya mwaka 2001, ambamo gitaa lililovutwa mpaka halitambulikani tena linakutana na ala za nyuzi.

Vaa hedifoni, punguza sauti, na usisubiri ngoma, kwa maana haiji. Chagua noti moja na uifuatilie: sikiliza inavyojipenyeza bila kishindo chochote, inavyovimba taratibu, kisha inavyofifia ilhali nyingine imekwisha kuanza chini yake. Hapo ndipo ufundi wao ulipo, na si katika vichwa vya vipande, ambavyo vingi ni mzaha mtupu.

Sikio likizoea, ingia katika albamu ya mwaka 2007, yenye urefu wa takriban saa mbili. Mimi huigawa kwa siku mbili, na sioni aibu. Ndipo urudi kwenye ile ya 1995.

McBride alifariki mwaka 2023. Anayetaka kuendelea amfuate Wiltzie katika A Winged Victory for the Sullen, kundi lake na mpiga piano Dustin O'Halloran, ambalo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2011.