Jinsi ya kujitengenezea jaketi la kipanki

Wengi tukisikia panki tunawaza kiduku tu, ila kwa Kiingereza hilo neno lilikua tusi kabisa, yaani kijana mhuni asiyefaa kitu, na vijana wa muziki wa roki wa New York na London pale katikati ya miaka ya 1970 wakalichukua hivohivo wakasema poa, sisi ndo hao, na muziki wao na mavazi yao yakaitwa panki, mambo ya kujifanyia mwenyewe. Ndo maana jaketi lililonunuliwa dukani likiwa tayari, kwangu mimi hilo sio panki.

Tafuta jaketi la jinzi la mtumba, kata mikono, nyuzi ziache zining'inie. Chukua fulana kuukuu nyeusi, kata kipande, andika jina la bendi unayoipenda kweli, Ramones au The Clash, kwa rangi nyeupe na brashi ndogo, acha ikauke usiku mzima. Kukishona kwenye jaketi, shona kwa mkono, na hapa mapanki wana siri yao, wanatumia ule uzi wa kusafishia meno maana haukatiki ovyo, mishono mikubwa inayoonekana, ikipinda iache. Palipochanika weka pini za nepi.