Kuwatafuta Wazazi Waliomzaa Ndugu Aliyeasiliwa Italia

Kabla hujaandika barua yoyote, hakikisha kwanza mwaka aliozaliwa ndugu yako, kwa kuwa huo ndio utakaokuonyesha pa kuanzia: mahakamani au katika hifadhi ya nyaraka za kale.

Ikiwa yu hai, mwache aombe mwenyewe, nawe umsaidie tu. Kifungu cha 28 cha Sheria namba 184 ya mwaka 1983 kinampa aliyeasiliwa, akishatimiza miaka 25, haki ya kuomba taarifa za asili yake katika mahakama ya watoto (Tribunale per i minorenni) ya mahali anapoishi. Akiwa na sababu nzito za kiafya zenye uthibitisho, anaweza kuomba tangu miaka 18. Cheti cha kawaida cha kuzaliwa hakitakusaidieni, maana huonyesha jina la ukoo uliomlea tu.

Kikwazo kikubwa ni pale anapokuta ameandikwa kuwa amezaliwa na «donna che non consente di essere nominata», yaani mwanamke asiyeridhia kutajwa. Wengi hukata tamaa hapo, na ninasikitika kila ninapolisikia hilo, kwa sababu mwaka 2013 Mahakama ya Katiba, katika hukumu namba 278, iliona si haki siri hiyo ifungwe moja kwa moja bila mama kuulizwa tena. Sasa jaji anaweza kumtafuta kwa faragha na kumuuliza kama bado anashikilia uamuzi wake. Akikataa, jina halitolewi, nami nakusihi usimvizie kupitia vipimo vya vinasaba wala majirani, kwani huenda watu wa nyumbani kwake hawajui lolote. Ikiwa alikwisha kufariki, mwambieni wakili aitaje hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Juu ya mwaka 2016, iliyokubali kwamba kifo cha mama kisiwe kizuizi.

Kwa babu au bibi wa karne ya 19 aliyeachwa kwenye sanduku la kuzunguka ukutani, lililotumika kupokea watoto wachanga kwa siri, anza na rejesta za vizazi kwenye Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia, ukitafuta maneno «esposto» (aliyeachwa), «proietto» (aliyetupwa) au «genitori ignoti» (wazazi wasiojulikana). Majina kama Esposito wa Napoli na Innocenti wa Firenze yalitolewa kwa watoto wa namna hiyo, lakini wajukuu wao waliyarithi pia, hivyo jina peke yake si ushahidi. Pembezoni mwa ukurasa huenda pameandikwa kwamba mzazi alirudi kumtambua mwanawe.

Kisha nenda kwenye rejesta za makao yaliyompokea. Katika Ospedale degli Innocenti, makao ya watoto walioachwa huko Firenze, watoto wengine waliachwa na nusu ya medali, nusu nyingine ikibaki kwa mzazi ili siku moja zilinganishwe. Kwa hiyo usiishie kwenye jina: soma mistari inayoeleza nguo alizovikwa na alichofungwa shingoni, ukamuulize mtunza nyaraka kama kitu hicho bado kimehifadhiwa.