Jinsi ya kuomba kiwango cha umri kwa filamu ya makala kuhusu msanii mwenye utata

Umemfuata msanii mwenye kesi mahakamani kwa miaka miwili, umemaliza kuhariri, na ukumbi umekuahidi Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Tulia kwanza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, hairuhusu filamu kuonyeshwa umma nchini Kenya kabla Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, haijaitazama na kuipa cheti. Usitegemee kwamba kwa kuwa ni mambo ya kweli utaachiwa upite: filamu ya I Am Samuel, iliyopigwa marufuku mwaka 2021, ilikuwa makala.

Viwango ni vinne. GE ni ya kila mtu, PG mtoto aitazame kwa mwongozo wa mzazi, kisha kuna 16 na 18. Ukivuka hapo ni marufuku. Amua mapema unalenga kipi, maana riziki yako imo humo. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano huzuia maudhui ya watu wazima kwenye runinga kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, kwa hivyo ukipata 18 stesheni itakupa saa ambayo mamako ameshalala.

Anza na daftari

Kabla ya kufungua fomu yoyote, tazama filamu yako mwanzo hadi mwisho kalamu mkononi, uandike kila penye utata na dakika yake. Yangu huwa hivi:

14:20 – msanii anasokota bangi nyuma ya jukwaa na kuivuta, sekunde 40.
31:05 – ubeti wenye tusi la nguoni, unarudiwa mara tatu.
52:10 – mwanamke anasimulia alivyopigwa, kipigo hakionekani.

Mstari wa tatu ndio watayarishaji wengi huuruka. Hudhani kwamba pasipo damu hapana ukatili. Mwulize aliyepitia hayo kama sauti peke yake haimtoshi.

Usijifiche nyuma ya Sheng pia. Wakaguzi hupanda matatu kama wewe. Mwaka 2019 bodi hiyo hiyo ilitaka nyimbo za Wamlambez na Tetema zibaki kwenye vilabu na baa za watu wazima, na hakuna aliyehitaji kamusi. Mashairi yatafsiri kikamilifu chini ya skrini. Kuweka nyota katikati ya tusi humfanya mtu alisome mara mbili.

Kujaza ombi

Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, tafuta huduma za KFCB, uchague uainishaji wa filamu. Kama haki ni za kampuni, tumia akaunti ya kampuni, usije ukapata cheti chenye jina la binamu yako aliyekukopesha simu. Andaa jina na urefu wa filamu, lugha, mtayarishaji, muhtasari, nakala iliyokamilika, na bango, kwa sababu sheria inahitaji mabango nayo yaidhinishwe. Malipo hupitia paybill 222222, rahisi kuikumbuka ukishaijua Sura ya 222. Ujumbe wa M-Pesa usiufute.

Muhtasari ndipo watu huharibu. "Safari ya kusisimua ya kijana wa mtaani hadi umaarufu" haimwambii mkaguzi lolote, na akikutana na dakika ya 52 ataona ulitaka kumficha. Andika: "Makala inamfuata msanii wa gengetone anayetuhumiwa kumpiga mpenzi wake. Wanaomlaumu, wanaomtetea na yeye mwenyewe wanahojiwa." Kama mahakama haijaamua, hilo "anayetuhumiwa" lilinde kama yai.

Onyo lenyewe

Bodi itaandika ushauri wake kwa mtazamaji, lakini nawe weka wako mwanzoni mwa filamu. "Maudhui ya watu wazima" ni maneno matupu. Yaweza kuwa busu, yaweza kuwa maiti. Sema kilichomo: "Matusi, uvutaji bangi, na simulizi za kina za mwanamke kupigwa na mpenzi wake." Liandike kwa lugha ya filamu yenyewe na ulikalishe hadi msomaji wa polepole amalize.

Mara yangu ya kwanza niliweka onyo la Kiingereza, herufi nyeupe juu ya taa nyeupe za jukwaa. Dakika ya nane mama mmoja aliinuka na mwanawe wa miaka kama kumi, akanipita mlangoni bila kunisalimu. Alikuwa na haki.

Wakishatazama

Ukipewa 18 ulipotarajia 16, uliza kwa adabu ni dakika zipi zimekupandisha. Kisha pima. Mimi bangi ningeikata bila kusita, kwani kila mtu anajua wanamuziki wengine huvuta. Ushahidi wa yule mwanamke nisingeugusa hata kwa kupoteza ukumbi, maana bila yeye filamu inabaki tangazo la msanii.

Ukinyimwa cheti kabisa, sheria inakupa rufaa kwa Waziri. Mahakama nayo ipo: mwongozaji Wanuri Kahiu alikwenda Mahakama Kuu baada ya filamu yake, Rafiki, kupigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba marufuku ikasimamishwa kwa siku saba, ikaonyeshwa Nairobi watu wakipanga foleni. Siku saba tu, lakini wakili utamlipa kikamilifu.

Cheti kikitoka, kiwango na ushauri viwekwe kwenye bango na kionjo, na mlangoni awepo mtu wa kuomba kitambulisho. Na kesi ya msanii ikiamuliwa baadaye, ukaongeza dakika tano za hukumu, hiyo si filamu waliyoitazama. Rudi eCitizen.