Kuhamisha kanda za mzee kwenda kwenye flashi bila kuvuruga mpangilio wake

Mzazi aliyezoea kaseti hachagui wimbo, anachagua kanda: ile yenye jalada jekundu, upande wa pili, na wimbo unaofuata anaujua kabla haujaanza. Ukimpa simu yenye nyimbo elfu moja, umemnyang'anya hicho. Hamisha kanda zake zilivyo, kwa mpangilio uleule, ziingie kwenye redio ndogo ya flashi atakayoiwasha mwenyewe.

Anza na zisizopatikana kwingine: harusi, maulidi, kwaya, sauti za ndugu waliotangulia, na nyimbo alizonasa kutoka redioni. Bendi nyingi za dansi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na si nyimbo zote ziliuzwa dukani, kwa hiyo kanda iliyonaswa sebuleni usiidharau. Albamu za dukani zisubiri.

Kabla ya kucheza kanda yoyote, vunja vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Visipovunjwa, kidole kikikosea kikabonyeza kitufe cha kurekodi, sauti ya marehemu bibi inafutika na hairudi. Tazama pia ukingo wa utepe: unga mweupe ni kuvu, na kanda hiyo usiicheze, itachafua hedi (kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe) na kuambukiza nyingine. Kisha chungulia mdomoni mwa kaseti. Pale katikati kuna kipande kidogo cha sufu kinachoubana utepe kwenye hedi. Kikiwa kimebanduka, sauti huja na kupotea. Dawa yake ni kufungua skrubu za kaseti na kuhamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda la kaseti nyingine nzima.

Safisha hedi, pamoja na ule msumari wa chuma unaozunguka na rola ya mpira, kwa kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pamba itatoka na rangi ya kahawia, ndiyo masizi ya utepe. Subiri dakika chache pakauke, na urudie kila baada ya kanda tano hivi. Sauti ikiyumba kama ya mlevi kwenye kila kanda, mara nyingi belti ya mota imelegea. Mpelekee fundi kwanza.

Ukiweza, tumia redio kaseti ileile iliyorekodi kanda hizo, maana pembe ya hedi hutofautiana kati ya mashine na mashine. Kwenye mashine nyingine sauti ikitoka nzito, kama iliyofunikwa blanketi, tafuta skrubu ndogo yenye springi pembeni mwa hedi. Kanda ikiwa inacheza, izungushe polepole, isizidi robo mzunguko kila upande, mpaka matoazi yasikike makali.

Unganisha waya wa jeki ya milimita 3.5 kutoka tundu la spika za masikioni la redio kwenda kwenye kompyuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kompyuta mpakato nyingi zina tundu moja tu, na upande wake wa kuingizia sauti ni wa maikrofoni. Sauti ya redio inazidi nguvu, inakwaruza, na inaingia upande mmoja tu. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini (line-in), yaani la kupokea sauti ya mashine nyingine. Mlio wa chini unaonguruma mfululizo mara nyingi hutoka kwenye chaja; ichomoe, tumia betri.

Kwenye programu ya bure ya Audacity, weka hezi 44,100, stereo. Anza na sauti ya redio kwenye robo, kisha pandisha mpaka vilele vya mawimbi ya sauti vifike karibu desibeli -6, visiguse 0 kamwe, kwa sababu mawimbi yaliyokatwa vichwa hayaungiki. Zuia kompyuta isilale yenyewe. Kanda ya dakika 90 itakula dakika 45 kila upande, na njia ya mkato hakuna.

Kata faili wimbo kwa wimbo, kwa sababu redio nyingi za bei nafuu zikizimwa katikati huanza faili upya. Ila sauti ya mtangazaji anayesoma salamu katikati ya nyimbo iache. Kwa mzee ni sehemu ya wimbo. Upunguzaji wa mvumo usizidi desibeli 6 hadi 9. Ukizidisha, mwimbaji atasikika kama yuko ndani ya maji.

Hifadhi nakala ya WAV kwenye diski yako, karibu MB 950 kwa kanda ya dakika 90. Kwa mzee toa MP3 ya kilobiti 192, karibu MB 130 kwa kanda hiyohiyo. Flashi iwe GB 32 au chini, yenye mfumo wa kupanga faili wa FAT32. Za GB 64 kwenda juu kwa kawaida huja na exFAT na redio nyingi ndogo hazizisomi. Nakili faili moja moja kwa mfuatano, maana redio hizi mara nyingi hucheza kwa mpangilio wa kunakiliwa na si wa majina.

Ni bora flashi nne ndogo kuliko moja kubwa. Zifunge nyuzi za rangi: nyekundu taarabu, bluu dansi, nyeupe kwaya, kijani za nyumbani. Mkono wake utachagua kama ulivyochagua kaseti.

Redio iwe na kirungu halisi cha sauti na betri inayotoka, kama BL-5C, ile ya simu ndogo za Nokia, ambayo ni rahisi kuipata. Weka tone la rangi ya kucha kwenye kitufe cha kucheza, na bandika plasta juu ya kile cha M. Akikigusa, redio huhamia FM au bluetooth, naye ataamini nyimbo zimefutika. Siku ya kwanza mfundishe jambo moja tu: "Baba, ikinyamaza, chomoa flashi, ichomeke tena." Kwa redio nyingi muziki hurudi wenyewe. Na redio kaseti yake iache palepale mezani.