Maneno ya Kale ya Y na Konsonanti: Jinsi ya Kuyatumia Kwenye Scrabble

Ukicheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ya Kiingereza ubaoni, na ukishikwa na Y pamoja na konsonanti nyingi, usikimbilie kubadilisha herufi, maana zamu nzima itakupotea. Kiingereza cha kale kina jamii ndogo ya maneno yanayoanza kwa Y ikifuatwa papo hapo na konsonanti. Orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno halali ya Scrabble, inayakubali, nayo ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya Kenya.

Elewa kwanza asili yake, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa na makosa. Y hiyo ni mabaki ya kiambishi ge-, ambacho Wajerumani wanakitumia hadi leo. Kiliwekwa mbele ya kitenzi kuonyesha kwamba tendo limekwisha kufanyika. Ndiyo maana YCLAD ni aliyevikwa nguo, YDRAD ni aliyeogopwa, YBRENT ni kilichochomwa, na YCLEPT ni aliyeitwa kwa jina fulani. Mshairi Edmund Spenser, aliyefariki mwaka 1599, aliyapenda na kuyafufua wakati yalikuwa yamekwisha kuchakaa. Kamusi ya Chambers ikayahifadhi, na mwaka 1988 orodha ya Scrabble ya Uingereza ikajengwa juu ya kamusi hiyo.

Usiyakariri kwa mfuatano wa alfabeti. Andika upande mmoja wa kadi neno lisilo na Y, na upande wa pili lile lenye Y: BET na YBET, RENT na YRENT, CLAD na YCLAD, SAME na YSAME, BOUND na YBOUND, PIGHT na YPIGHT, GO na YGO. Faida yake utaiona ubaoni. Mpinzani akiweka RENT na nafasi iliyo mbele yake ikawa wazi, unatia Y hapo huku ukishusha neno lako jingine, na Y inakulipa alama 4 mara mbili. Kama nafasi hiyo ni ya kuzidisha herufi mara tatu, Y pekee inaleta 24. Ukiwa na E, L, M, N, O, T na Y, shusha YMOLTEN: alama 12 za herufi, na 50 za kumaliza herufi zote saba.

Wengi huanguka kwenye S. Kwa kuwa mengi ya maneno haya ni ya tendo lililokwisha, hayaongezwi S mwishoni: YBETS na YCLADS ni makosa. YSHEND, yaani kuaibisha, ni kitenzi kamili, kwa hiyo YSHENDS inakubalika, na tendo lake lililokwisha ni YSHENT. Kosa la pili ni kubuni. Ukiona TORN ukaweka YTORN, mpinzani akilipinga utaondoa herufi zako na zamu imekwenda. Kama neno halimo kwenye kadi zako, liache.

Ukitafuta kwenye programu maneno yenye Y na konsonanti, utakutana pia na YTTRIA na YTTRIUM. Hayo ni ya kemia, si ya jamii hii, na yanapokea S bila shida. Yaweke kwenye fungu lake.

Halafu kagua mipangilio ya programu ya simu unayofanyia mazoezi. Ikiwa imewekwa orodha ya Marekani, itakataa YBET na YDRAD, nawe utayafuta kichwani ilhali ni halali. Chagua Collins kabla ya kuanza.