Kutengeneza Flashi ya Kusakinisha Debian kwa Maabara Isiyo na Intaneti

Mwalimu anayetunza maabara ya kompyuta katika shule ya sekondari pembezoni mwa Arua hasumbuliwi sana na kazi ya kusakinisha mfumo. Kinachomaliza fedha ni kupakua programu zile zile mara 20 kwa ajili ya kompyuta 20, tena kwa bando ambalo nchini Uganda limetozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Kwa sababu hiyo napendekeza kupakua mara moja tu na kuviweka vyote vinavyohitajika ndani ya faili moja ya ISO, yaani nakala ya diski nzima itakayoandikwa kwenye flashi, kazi ambayo Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, imeiundia zana iitwayo live-build.

Kabla ya amri yoyote, zikague kompyuta zenyewe. Debian 12, yaani bookworm, iliyotolewa Juni 2023, ndiyo ya mwisho kuwa na kisakinishi cha mashine za biti 32. Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena. Kompyuta zilizotolewa kama msaada mara nyingi ni za miaka mingi, na ukikosea hapa kazi yote itarudiwa. Mfano huu unatumia bookworm kwa mashine za biti 64.

Tafuta kompyuta yenye Debian na nafasi ya gigabaiti 20 hivi kwenye diski, sakinisha kifurushi cha live-build, fungua folda mpya, kisha andika ndani yake:

lb config --distribution bookworm --archive-areas "main contrib non-free-firmware" --debian-installer live --bootappend-live "boot=live components locales=sw_TZ timezone=Africa/Kampala"

Usiliache neno non-free-firmware, linaloruhusu programu ndogo za kuendeshea vifaa kama Wi-Fi. Mimi niliwahi kuliacha, nikafika shuleni na flashi nzuri ambayo haikuitambua Wi-Fi ya kompyuta hata moja, ikanilazimu kurudi nyumbani na kuanza upya. Thamani ya live kwenye kisakinishi nayo ina uzito wake, kwa kuwa ndiyo inayofanya mfumo ulioutengeneza unakiliwe kwenye diski kama ulivyo. Kuhusu lugha, mpangilio wa Kiswahili upo kwa Kenya na Tanzania lakini haupo kwa Uganda, ndiyo maana nimeandika sw_TZ. Anayependa Luganda ataandika lg_UG.UTF-8. Mipangilio hii ya lugha na saa inahusu kuwasha kutoka flashi tu, hivyo utaichagua tena wakati wa kusakinisha.

Sasa orodhesha programu katika faili config/package-lists/shule.list.chroot, kila jina kwenye mstari wake: task-xfce-desktop, yaani eneokazi la skrini, ambalo ni jepesi kwa mashine zenye kumbukumbu ndogo, libreoffice, hunspell-sw ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, gcompris-qt kwa wanafunzi wadogo, pamoja na firmware-iwlwifi na firmware-realtek. Nawasihi walimu waandae orodha hii kwa kushauriana na wenzao wa masomo mengine, kwa maana programu iliyosahaulika leo itapakuliwa kesho mara 20. Mipangilio unayotaka kila mtumiaji mpya aikute, kama vile picha ya usuli wa skrini na folda za masomo, iweke chini ya config/includes.chroot/etc/skel.

Andika sudo lb build, kisha subiri. Umeme ukikatika katikati, andika sudo lb clean na uanze tena, kwani vifurushi vya hatua zilizokwisha kukamilika hubaki katika folda ya cache. Ila usiongeze --purge, maana hiyo huvifuta vyote na bando lako huenda bure.

Ikikamilika utapata faili live-image-amd64.hybrid.iso. Ijaribu kwanza kwa qemu, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako. Baadaye chomeka flashi, tumia lsblk kulitambua jina lake kwa kulinganisha ukubwa, na uandike amri ifuatayo ukiweka jina hilo mahali pa sdX:

sudo dd if=live-image-amd64.hybrid.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync

Lisome jina hilo mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu dd haiulizi swali lolote, na ukitaja diski ya kompyuta badala ya flashi, kazi za wanafunzi zilizomo zitafutika.