Namna ya Kulinganisha Gharama ya Umeme wa Nyuklia na wa Jua kwa Hesabu ya Unguja

Chukua karatasi na kalamu, kwa sababu bei inayotangazwa siku ya kutia saini mkataba haikuelezi umeme utakuja kuuzwa kwa kiasi gani.

Anza na gharama ya kujenga kilowati moja. Vinu viwili vipya vya nyuklia vya Vogtle, nchini Marekani, vilikadiriwa dola bilioni 14, lakini cha mwisho kilipoanza kazi mwaka 2024 jumla ilikwishapita bilioni 30. Ukiigawa kwa megawati zake 2,200 hivi, kila kilowati imesimama kwa zaidi ya dola 13,000. Mitambo mikubwa ya jua iliyoanza kazi duniani mwaka 2023 iligharimu, kwa wastani, chini ya dola 800 kwa kilowati. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo wanapokosea.

Geuza kilowati kuwa yuniti, yaani kilowati moja ikifanya kazi kwa saa moja. Mwaka una saa 8,760. Kinu kinachoendeshwa vyema hufanya kazi takriban asilimia 90 ya saa hizo, hivyo kilowati moja hutoa yuniti 7,884. Paneli, ambazo usiku hazizalishi kitu na wakati wa masika huzalisha kwa kusitasita, tuzikadirie asilimia 18, yaani yuniti 1,577. Kwa hiyo kilowati tano za jua ndizo zinazolingana na moja ya nyuklia, nazo ni kama dola 4,000. Jua bado liko mbele, ila hujaongeza betri za usiku, wala ardhi, ambayo kisiwani inagombaniwa na mashamba, nyumba na hoteli.

Kisha weka riba. Dola 1 iliyokopwa kwa asilimia 8 huwa dola 2.16 baada ya miaka 10, na kinu cha Flamanville, Ufaransa, kilichoanza kujengwa mwaka 2007, kiliingizwa katika gridi Desemba 2024, miaka 17 ya riba kabla ya kuuza yuniti hata moja. Haki isemwe pia: kinu huweza kudumu miaka 60, paneli hudumu 25 hadi 30.

Mwisho pima ukubwa. Unguja inalishwa na nyaya mbili za chini ya bahari zinazotoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Fumba, ya mwaka 1980 yenye megawati 45 na ya 2013 yenye megawati 100, ilhali kinu kimoja cha kawaida hutoa megawati 1,000 au zaidi. Kikizima, kisiwa chote kinazima, na aliyeishi Unguja katika ile miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009 hahitaji kuelezwa maana ya kutegemea chanzo kimoja. Kinu cha namna hiyo kitahesabika kwenye gridi ya Bara tu, nasi tutabaki kuwa wanunuzi. Kwa hiyo linganisha bei ya yuniti inayopita katika waya na bei ya yuniti ya jua pamoja na betri zake. Vinu vidogo vipo: mtambo wa nyuklia wa Kirusi unaoelea majini, uitwao Akademik Lomonosov, hutoa megawati 70 na ungeenea vizuri kwenye mahitaji yetu, lakini anayekuja kukuuzia ya namna hiyo mdai kwanza bei ya yuniti, si ya kilowati.